Habari za Anga na Shaka za Walio Chini: Kutoka Mwanza hata Tunguu

Mtu akiichukua ramani ya Afrika, akapiga mstari mnyofu kutoka mji wa Kano, kaskazini ya Naijeria, hata kisiwa cha Unguja, mstari huo utalikata Ziwa Victoria upande wake wa kusini, karibu na mji wa Mwanza. Kano na Unguja ndiko Marekani ilikojenga vituo viwili vya kufuatilia vyombo vya angani katika mpango wake ulioitwa Mercury. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipita juu ya sehemu hizi, akitoka upande wa Bahari ya Atlantiki kwenda Bahari ya Hindi, ndani ya chombo kilichoitwa Friendship 7. Aliizunguka dunia mara tatu kwa muda wa saa tano kasoro dakika tano, kimo chake kikiwa baina ya kilomita 160 na 265 hivi. Katika mzunguko wa kwanza jua la Afrika ya Mashariki lilikuwa bado halijatua, na chombo kidogo namna ile hakionekani kwa macho matupu katika mwanga wa mchana. Basi mvuvi aliyekuwa akitengeneza nyavu zake Mwanza jioni ile hakuwa na njia ya kujua kwamba mtu amepita juu ya kichwa chake, ila aambiwe. Na aliyeweza kumwambia ni redio au gazeti, navyo vilikuwa vimeambiwa na serikali ya Marekani.

Hapo ndipo penye asili ya shaka inayozungumzwa katika makala haya. Safari za angani, tofauti na safari nyingi zilizotangulia, zilifanywa mahali ambapo msikilizaji hawezi kufika, kwa vyombo asivyoweza kuvigusa, na habari zake zikatolewa na wale wale waliozifanya. Mwenye kusadiki kila neno na mwenye kukana kila neno wana jambo moja lililo sawa: wote wawili hawakupima. Lakini katika historia ya Mwanza, pwani ya Ziwa na Unguja yamo mambo kadhaa yanayoonyesha kwamba shaka ina aina zake, na kwamba si kila aliyetia shaka alikuwa mjinga, wala si kila aliyesema kweli alikuwa ameithibitisha.

La kwanza katika mambo hayo lilitokea Mwanza penyewe, zaidi ya miaka mia kabla ya Glenn. Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alipanda kilima karibu na Mwanza akaliona Ziwa. Mwenzake, Richard Burton, alikuwa amebaki Kazeh, yaani Tabora ya leo. Speke alikaa pale siku tatu tu. Hakuwa na mashua, hakulizunguka Ziwa, wala hakuona mto wowote ukitoka ndani yake. Alichokiona ni hori, visiwa na maji yaliyokwenda kaskazini hata yakapotea machoni. Aliporudi Kazeh alimwambia Burton kwamba amepata chanzo cha Mto Nili.

Burton hakusadiki. Mara nyingi shaka yake husimuliwa kama wivu wa mtu aliyeachwa nyuma, na yamkini wivu ulikuwamo. Lakini hoja zake zilistahili kujibiwa. Moja yafaa kuangaliwa sana na wanafunzi wa lugha. Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu. Alisema Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, mtu aliyechukuliwa utumwani kutoka bara ya Afrika akaishi Bara Hindi miaka mingi. Bombay aligeuza maneno kwa Kiswahili, na pale pasipokuwa na ajuaye Kiswahili, mwingine aliyageuza tena kwa lugha ya wenyeji. Jibu nalo lilirudi kwa njia hiyo hiyo. Swali la urefu wa Ziwa lilipita katika vinywa vitatu kabla ya kumfikia aliyeulizwa, na kitabu cha Speke mwenyewe chaeleza jinsi lilivyojibiwa katika mji wa Mtemi Mahaya: mtu yule alielekea kaskazini, akatikisa kichwa, akarusha mkono mbele na kualisha vidole, akasema kwamba hakuna ajuaye, lakini huenda Ziwa lafika mwisho wa dunia. Kwa mwenyeji hayo yalikuwa majibu ya mtu mkweli asiyetaka kudai asichokijua. Katika hoja ya Speke yakawa ushahidi wa ukubwa wa Ziwa.

Neno jingine pia lastahili kutazamwa. Vitabu vya shule vilisema miaka mingi kwamba Speke *alilivumbua* Ziwa. Kuvumbua ni kukipata kitu kilichofichika. Na ni vigumu kusema kwamba lilifichika ziwa ambalo watu walikuwa wakivua, wakivuka na kufanya biashara ndani yake, na ambalo mji wa Mwanza umelirithi jina lake, maana Mwanza na Nyanza ni neno moja katika matamshi mawili. Tena, kabla Speke hajaondoka Kazeh, mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Snay bin Amir alikuwa amekwisha kuwaeleza yeye na Burton kwamba upande wa kaskazini liko ziwa kubwa kuliko Tanganyika. Habari iliyotangazwa London kuwa mpya ilikuwa ya zamani katika baraza za Tabora.

Hata hivyo Speke alikuwa na kitu kimoja cha thamani kuliko maneno yote hayo, nacho ni kipimajoto. Aliyachemsha maji, akatazama yanachemka kwa joto gani, na kwa hesabu hiyo akapata kwamba uso wa Ziwa uko futi 3,740 hivi juu ya usawa wa bahari. Vipimo vya siku hizi vyaonyesha mita 1,134 au 1,135, yaani futi 3,720 na kidogo. Maneno ya mkalimani hayakuweza kupimwa na mtu aliyekaa Ulaya. Kimo kiliweza kupimwa na kila atakayekuja baadaye na sufuria na kipimajoto.

Ubishi wao haukumalizika kwa mjadala. Mnamo 1862 Speke alifika mahali maji yanapotoka Ziwani, akapaita Ripon Falls. Burton aliendelea kusema kwamba yawezekana yako maziwa kadhaa na si moja. Walikuwa wakutane hadharani katika mji wa Bath, Uingereza, tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla, Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe. Jambo lilikatwa na mashua. Tarehe 8 Machi 1875 Henry Morton Stanley aliondoka Kageyi, pwani ya Ziwa mashariki ya Mwanza, kwa mashua iliyoitwa Lady Alice, akalizunguka Ziwa, akarudi pale pale tarehe 6 Mei. Ziwa ni moja, na mto mkubwa utokao ni mmoja. Speke alikuwa amesema kweli bila ya uthibitisho wa kutosha. Burton alikuwa amekosea ilhali alidai haki yake ya kuonyeshwa uthibitisho.

Tukio la pili lilitokea mwisho wa ule mstari wa ramani, katika kisiwa cha Unguja. Mnamo 1960 serikali ya Uingereza na serikali ya Marekani zilipatana kujenga Unguja kituo kimoja katika vituo kumi na vinane hivi vya mpango wa Mercury, baadhi yake vikiwa nchi kavu na vingine juu ya meli. Kituo kikajengwa Tunguu. Unguja ilikuwa ingali chini ya ulinzi wa Waingereza; uchaguzi wa kupata Baraza lenye wajumbe wengi waliochaguliwa na watu ulifanywa mwaka uliofuata. Kwa hiyo mapatano juu ya ardhi ya Unguja yalifanywa na madola mawili ya nje, na wenyeji wakaarifiwa.

Upinzani ulitokea mara moja, hasa miongoni mwa wafuasi wa Hizbu na vijana wa mrengo wa kushoto. Walisema kwamba kituo kile ni cha roketi, na kwamba vita ikitokea baina ya Marekani na Urusi, Unguja itapigwa. Wakubwa walijibu kwamba kituo hakina roketi hata moja. Kina milingoti ya kunasa mawimbi, mitambo ya redio na vyombo vya kuandika ishara, na kazi yake ni kusikiliza chombo kinapopita, kusema na aliyemo, na kupeleka habari Marekani. Jibu hilo lilikuwa kweli. Hakuna kitu kilichorushwa Tunguu. Kwa nini basi halikusadikiwa?

Sehemu ya sababu imo katika maneno. Kiswahili cha wakati ule kilikuwa kimelipokea neno *roketi* kwa maana mbili pamoja: silaha irukayo kwenda kubomoa mji, na chombo kinachomchukua mtu au mtambo kwenda angani. Neno *kombora*, ambalo sasa hubeba maana ya silaha, lilikuwa halijatengwa hivyo. Mtu aliyesema "kituo cha roketi" aliweza kuwa na maana ya kwanza, na aliyemsikia akaelewa ya pili, au kinyume chake. Wala tafsiri ya kazi yenyewe haikusaidia. *Kufuatilia* chombo ni neno lile lile la kumfuatilia mtu, na afuatiliaye mtu hudhaniwa kuwa mpelelezi. Hata jina la Mercury halikuwaambia kitu watu ambao wana jina lao la sayari hiyo, Utaridi, walilolipata kwa wanazuoni wa elimu ya falaki pamoja na Zuhura, Mirihi na Zuhali. Lingaliitwa kwa jina hilo, lingalisikika kwao kama elimu ya nyota. Kwa Kiingereza lilibaki jina la kigeni katika mkataba wa kigeni.

Lakini maneno si sababu yote. Kubwa zaidi ni kwamba katika mwaka ule ule wa 1960 msemaji rasmi wa safari za angani alikuwa amekamatwa akisema uwongo. Tarehe 1 Mei Warusi waliiangusha ndege ya Marekani aina ya U-2. Shirika la Anga la Marekani, NASA, ambalo ndilo lililokuwa na mpango wa Mercury, lilitoa taarifa kwamba ndege ile ilikuwa ikichunguza hali ya hewa na imepotea njia. Hata ndege ya namna hiyo ikapakwa alama za NASA ikaonyeshwa waandishi wa magazeti. Siku chache baadaye Khrushchev alitangaza kwamba rubani, Francis Gary Powers, yu hai na yumo mikononi mwao. Ndege ilikuwa ya upelelezi. Mtu wa Unguja aliyesoma habari hizo mwezi wa Mei, kisha akasikia kwamba shirika lilo hilo lataka kujenga kituo Tunguu kwa ajili ya elimu tu, alikuwa na haki ya kuuliza mara ya pili.

Na mengine yalikuwa bado yamefichwa. Setilaiti za Marekani zilizoitwa Discoverer, ambazo zilianza kurushwa mnamo 1959 na kutangazwa kuwa za majaribio ya kisayansi, zilikuwa kifuniko cha mpango wa upelelezi ulioitwa Corona. Filamu ya kwanza iliyopigwa kutoka angani ilidakwa na ndege mwezi wa Agosti 1960. Siri ikafunguliwa rasmi mwaka 1995. Warusi nao walikuwa na yao. Yuri Gagarin alipoizunguka dunia tarehe 12 Aprili 1961, serikali yake ilitaka ijulikane kwamba alitua akiwa ndani ya chombo chake, kwa kuwa kanuni za kuandikisha rekodi za urukaji zilidai hivyo. Hakika ni kwamba alichomoka nje kabla ya kufika chini, akashuka kwa mwavuli wake, na jambo hilo halikukiriwa mpaka miaka mingi baadaye.

Hapa inafaa kupambanua mambo ambayo wengi huyachanganya. Katika mifano hii yote kilichofichwa ni kusudi la safari au namna yake. Safari yenyewe haikubuniwa. U-2 iliruka kweli, Discoverer ziliruka kweli, Gagarin alizunguka kweli. Serikali zilidanganya juu ya *kwa nini*, na mara nyingine juu ya *vipi*, lakini zilipata shida kudanganya juu ya *kama*, kwa sababu adui alikuwa akisikiliza. Shaka ya Unguja ilikuwa juu ya kusudi, na kwa sababu hiyo ilikuwa shaka yenye akili, ingawa jibu lake, yaani roketi zilizofichwa Tunguu, lilikuwa si sahihi.

Shaka ya namna nyingine ilikuja baadaye, nayo haina nguvu hiyo. Mnamo 1976 Mmarekani Bill Kaysing alichapisha kitabu akidai kwamba watu hawakufika mwezini hata kidogo, na dai hilo limesikika tangu hapo katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Wenye kulisema hukumbusha uwongo wa zamani wa serikali kana kwamba huo watosha. Lakini baina ya 1969 na 1972 watu 12 walishuka mwezini katika safari sita, wakarudi na mawe na vumbi vya uzito wa kilo 382 ambavyo wataalamu wa nchi mbalimbali wamevipima. Chombo cha Apollo 11 kilipokuwa kikishuka, darubini ya redio ya Jodrell Bank, Uingereza, iliyasikia mawimbi yake bila ya kuomba ruhusa ya Marekani. Vioo vilivyoachwa huko hurudisha hata leo miali ya leza inayorushwa kutoka duniani. Warusi, waliokuwa na kila sababu ya kufichua hila, hawakuitoa hila yoyote. Burton alimwambia Speke atoe ushahidi, na mashua ilipokwenda, ubishi ukamalizika. Mwenye kukana safari za mwezini ameonyeshwa mashua imekwenda na kurudi mara sita, naye akali ufukoni akibisha.

Kituo cha Tunguu hakikuishi siku nyingi. Kilifanya kazi katika safari ya Glenn na zilizoifuata. Mapinduzi yalipotokea tarehe 12 Januari 1964, Wamarekani waliokuwapo Unguja waliondolewa kwa manowari Manley. Mwezi wa Aprili serikali ya Karume ikaagiza kituo kiondolewe, na kazi yake ikahamishiwa Madagaska, karibu na Tananarive.

Mwaka huo huo wa 1964 Ziwa lilikuwa likileta habari nyingine. Tangu mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 lilikuwa limepanda kiasi cha mita mbili na nusu, likameza mashamba na gati, na mwezi wa Mei 1964 kipimo cha Jinja, ambacho husomwa tangu 1896, kilionyesha mita 13.41. Glenn alipopita, maji yale yalikuwa yanapanda chini yake. Hakukuwa na setilaiti ya kuyapima. Ushahidi uliobaki ni daftari za Jinja na alama za maji katika mawe ya pwani.

Setilaiti ya kupima usawa wa maji kwa rada, TOPEX/Poseidon, ilirushwa na Wamarekani na Wafaransa tarehe 10 Agosti 1992. Yenyewe iliruka zaidi ya kilomita 1,300 juu, ikituma wimbi la rada chini, na kwa kuhesabu muda wa wimbi kurudi ilijua umbali wa uso wa maji. Ilipitia njia zile zile kila baada ya siku kumi hivi, na ingawa ilitengenezwa kwa ajili ya bahari, maziwa makubwa nayo yalipimika. Kwa mara ya kwanza watu wa Ziwa walikuwa na njia ya kuijaribu kauli ya watu wa anga: namba za setilaiti ziliweza kuwekwa kando ya namba za fito za bandarini. Zililingana kwa sentimita chache.

Jaribio lenye faida lilikuja muda mfupi baadaye. Baina ya 2003 na 2006 Ziwa lilishuka zaidi ya mita moja, hata likafika kimo cha chini kupita miaka themanini iliyotangulia. Wavuvi wa Mwanza waliona ufuko ukiwakimbia mitumbwi, na katika bandari za Ziwa vyombo vilipata taabu kukaribia gati. Kauli iliyotolewa na wakubwa wa Uganda ilikuwa kwamba ni ukame. Ukame ulikuwapo kweli. Lakini pale Jinja maporomoko aliyoyaona Speke yalikuwa yamezamishwa na bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, na mwaka 2000 ukaongezwa mtambo wa pili wa umeme, Kiira. Kwa mapatano ya zamani, maji yaliyoruhusiwa kutoka yalitakiwa yafuate kiasi ambacho Ziwa lenyewe lingaliyatoa lisingalikuwa na bwawa. Mwaka 2006 mtaalamu wa maji Daniel Kull alifanya hesabu, akisoma kushuka kwa Ziwa pamoja na mvua na maji yaliyotolewa, akaonyesha kwamba yapata nusu ya mteremko ule ilitokana na maji kufunguliwa Jinja kupita kiasi cha mapatano.

Katika hesabu za namna hiyo setilaiti ilisimama upande ambao watu wa Tunguu wa mwaka 1960 wasingaliutarajia. Jicho la angani, lililoshukiwa kuwa la wakubwa, likawa shahidi wa wasiosadiki kauli ya wakubwa juu ya jambo la duniani. Kushuka kwa maji kulionekana na kila mtu katika mawe. Kisichoonekana ufukoni ni kama maji hayakunyesha au yameachwa yaende, na hilo lilitaka fito, vipimo vya mvua, daftari za bwawa na rada, vyote pamoja.

Mwezi wa Mei 2020, baada ya mvua nyingi, Ziwa lilipanda tena, likaingia katika nyumba na mialo, na kipimo cha Jinja kikasoma mita 13.42, sentimita moja juu ya alama ya 1964. Safari hii setilaiti nazo zilikuwa zikipita juu, na hakuna aliyelazimika kuitegemea fito ya Jinja peke yake.